Asilimia Moja

Kutaisi, Februari. Jengo la tatu,
mita ya gesi ya ghorofa ya nne mbele ya pua yangu,
simu ikasema arobaini na moja,
ikazima.
Bila kuaga, kama mgeni aliyekumbuka ghafla
kwamba ameacha jiko likiwaka kwao.

Nikaandika namba za mita mgongoni mwa mkono
kwa kalamu ya mwenye nyumba,
na mvua ikazisoma kabla ya ofisi.

Dhamana ilikuwa imebakiza siku tisa.
Gocha wa dukani, kucha safi, sauti ya daktari wa meno,
akachomeka waya wake, akasubiri, akanigeuzia skrini:
“Afya ya betri, asilimia themanini.
Tunabadilisha ikiwa chini ya themanini.”
Nikamwambia inazima ikiwa na arobaini.
“Naamini, bibie.”
Nikamwambia jana imezima mara sita.
“Naamini. Karatasi ndiyo haiamini.”
Kisha akainama, akashusha sauti
kama anayeuza kitu cha magendo:
“Themanini si mlima wa kupanda. Ni wa kushuka.”

Nilimwelewa kabla sijafika kituo cha basi.

Mimi, niliyelelewa kugeuza kola ya shati
ili upande wa pili nao ufanye kazi,
nikarudi nyumbani kuua kitu kwa bidii.
Mwanga wote. Sauti yote. Tochi.
Nikaijaza, nikaikausha, nikaijaza, nikaikausha.
Zaza wa mlango wa pili, miaka kumi na mmoja,
akajitolea kucheza mbio za magari
mpaka macho yakamwiva.
Alisema hajawahi kupewa kazi anayoiweza hivi.
Siku ya nne: themanini.
Siku ya sita: themanini.
Kitu ukikitakia kifo, hapo ndipo kinajifunza kuishi.

Usiku wa saba nikaichomeka umeme,
nikaiegemeza kwenye chupa ya siki,
kamera ikirekodi jiko letu na kiti kitupu,
nikaenda kulala na aibu kidogo.

Asubuhi sikuiona. Palikuwa na taulo la vyombo
lililokunjwa mara nne, na chini yake joto
kama la mkate.

Nikaitazama video palepale, waya ukiwa bado ukutani.
Dakika ya hamsini na mbili, baba anaingia
na soksi mbili zisizofahamiana.
Baba yangu Shalva, ambaye tangu tuuze shamba la mizabibu
hunijibu kwa kichwa tu.
Anaiona tochi. Anaipuliza, kama mshumaa.
Anabonyeza hapa, anabonyeza pale, haizimi.
“Wewe nawe,” anaiambia, “saa hizi hujalala?”
Anavuta kiti. Anamenya chenza.
Anaisimulia habari za goti lake,
bei ya gesi,
na binti yake apandaye ngazi za watu mchana kutwa
asiyesema kama miguu inamuuma.
“Nimuulize vipi,” anasema,
“na mimi ndiye niliyenyamaza kwanza?”
Anakula chenza yote, kipande kwa kipande.
Halafu taulo: linakuja kubwa, la mistari,
kisha giza, na sauti ndani ya giza:
“Haya. Sasa baridi haitakupata.”

Gocha akachomeka waya wake.
Sabini na tisa.
Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo,
ule usioonwa na kamera ya duka.
Saa moja na nusu, betri mpya, karatasi yenye muhuri,
sikudaiwa hata senti.
“Umefanyaje?” akauliza.
“Ilifunikwa,” nikasema.

Jioni nikapanda ngazi zetu wenyewe, ghorofa tano,
nikaketi mbele ya baba, nikavua viatu.
“Miguu inaniuma,” nikasema.
Akaniangalia.
Akaisogeza bakuli ya machenza,
akaanza kunimenyea moja.